Mishale ya mita inapopanda ukiwasha taa

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu, ninaishi Wete, Pemba, na kila siku ninakwenda Chake Chake kwa gari dogo la petroli nililolinunua Unguja likiwa limeshatumika, nikalivusha kwa meli. Mchana mita zake zote zinasoma sawasawa. Usiku, nikiwasha taa kubwa, mshale wa mafuta na mshale wa joto la maji hupanda kwa pamoja, na nikipiga indiketa mishale hiyo hucheza kwa kufuata mwako wake. Fundi ameniambia kwamba mita imekufa na nitafute nyingine ya mtumba. Je, nikubali? Na ndani ya mita hiyo mna nini hasa?

JIBU: Wa aleikum salaam, mwalimu. Usinunue chochote kwa sasa, kwa sababu maelezo yako yanaelekeza mahali pengine kabisa, na mahali hapo hutengenezwa kwa kipande cha msasa.

Nianze na swali lako la mwisho. Kasha lile lililo nyuma ya usukani, ambalo mafundi wetu huliita mita, lina kioo cha plastiki kwa mbele, uso wenye tarakimu, mishale, vitaa vidogo, na kwa nyuma bodi ya sakiti yenye soketi moja au zaidi za waya. Lenyewe halipimi takriban kitu chochote. Kazi yake ni kupokea habari na kuzionesha. Habari za mafuta hutoka kwenye tangi, ambamo boya huelea na kuusogeza mkono unaoteleza juu ya kipande chenye ukinzani wa umeme. Habari za joto hutoka kwenye sensa iliyochomekwa kwenye njia ya maji ya injini, ambayo ukinzani wake hupungua kadiri maji yanavyozidi kuwa moto. Habari za mwendo, katika magari mengi yenye umri kama wa lako, hutoka kwenye sensa ya giaboksi inayotuma mapigo ya umeme. Magari ya zamani zaidi yalikuwa na kebo iliyozunguka ndani ya ala yake mpaka kwenye mita, ikazungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini, na kikombe hicho kikauvuta mshale dhidi ya springi nyembamba kama unywele.

Sasa tuitazame hitilafu yako. Boya liko ndani ya tangi, nyuma ya gari, na sensa ya joto iko kwenye injini. Haielekei kwamba viwili hivyo vilivyo mbali hivyo vitaugua kwa wakati mmoja, tena pale tu unapogusa swichi ya taa. Basi inatupasa tutafute kile wanachoshirikiana, nacho ni umeme unaoingia kwenye mita na waya wa ethi unaoutoa umeme huo kuurudisha kwenye bodi ya gari na ncha hasi ya betri. Unapowasha taa kubwa, vitaa vinavyoangaza uso wa mita huwaka pia. Unapopiga indiketa, mshale wa kijani nao huwaka na kuzimika. Umeme wa vitaa hivyo hupita katika waya huo huo wa ethi. Ikiwa njia yake imeliwa na kutu, umeme hukosa pa kutokea kwa wepesi, kipimo cha mita nzima hupotoka, na mishale hupanda ilhali tangi halikuongezwa hata lita moja.

Katika visiwa vyetu jambo hili si geni, kwa sababu hewa ya chumvi hutafuna viungo vya waya hata vilivyofichwa ndani ya gari. Katika gereji moja ya Mwanakwerekwe niliwahi kumshikia tochi fundi aliyekuwa akifungua bolti ya ethi chini ya dashibodi, upande wa mguu wa kulia wa dereva. Kichwa cha bolti kilikuwa kikavu na kisafi kwa kukitazama, lakini ilipotoka, kikuku cha shaba kilichokuwa chini yake kilikuwa kimefunikwa na unga wa kijani uliokuwa mzito kiasi cha kukwanguka kwa ukucha. Mwenye gari alikuwa ameshalipia mita mbili.

Mwombe fundi wako achukue kipimo cha umeme, aweke ncha moja kwenye waya wa ethi wa mita na nyingine kwenye ncha hasi ya betri, kisha awashe taa kubwa. Kipimo kikizidi volti 0.2 hivi, na hasa kikifika nusu volti, ethi ni mbovu. Afungue bolti, asugue kikuku na bati linalokipokea mpaka ving'are, akaze vizuri, halafu apake grisi juu yake ili chumvi isirudi. Soketi ya nyuma ya mita nayo ikaguliwe. Laiti ungekuwa mshale mmoja tu unaokosea, ningekwambia uanzie kwenye sensa ya mshale huo. Mpaka kazi hiyo ikamilike, usiuamini mshale wa joto wakati taa zinawaka.

Ikibidi mita itolewe, waya hasi wa betri uchomolewe kwanza na kusubiriwa dakika chache, kwa sababu mfuko wa hewa wa usukani uko jirani na soketi zake za manjano haziguswi kwa kipimo. Mishale isizungushwe kwa kidole. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini chenye maji. Petroli hukitia ukungu usiotoka.

Kuna jambo moja zaidi ambalo ninalisisitiza kwa kila anayenunua gari la mtumba. Zungusha ufunguo bila kupiga stata na utazame taa za onyo: ya oili, ya chaji, ya injini na ya mfuko wa hewa zote ziwake. Isiyowaka kabisa inatia wasiwasi kuliko iliyowaka, kwani wapo wanaoondoa balbu ili kuficha ubovu. Na ile nyekundu ya oili ikiwaka injini ikiwa inanguruma, simama na uzime injini hapo hapo.

SWALI: Mita ya gari langu ilivunjika kweli katika ajali ndogo, na fundi amenipatia nyingine. Je, kilomita zitakuwa zipi? Msomaji, Makunduchi.

JIBU: Zitakuwa za gari lilikotoka mita hiyo, kwa kuwa katika mita za kielektroniki hesabu huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ndogo iliyo juu ya bodi yake. Hakikisha kwanza kwamba imetoka kwenye gari la aina ile ile, injini ile ile na giaboksi ile ile. Kabla mita ya zamani haijatupwa, kama bado inawaka, iandike hesabu yake pamoja na tarehe na hesabu ya mpya, na karatasi hiyo ikae pamoja na kadi ya gari. Utaihitaji kila unapopanga kubadilisha oili na mkanda wa injini, na atakayelinunua gari hilo kwako ana haki ya kuoneshwa.