Mpe mtu mmoja kwanza

Wiki hii mmeuliza: kijana anayependa kuandika lakini anaona haya kuonyesha kazi yake, afanye nini? Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Tanga, na Alhamisi baada ya vipindi nasimamia klabu ya uandishi, kwa hiyo swali hili naishi nalo. Mniwie radhi jibu likirefuka.

Vijana wengi huambiwa "jiamini", basi. Mimi sikubaliani na jibu hilo. Wanafunzi wangu wanaoficha madaftari ndio haohao wanaosimama kwenye mdahalo na kumbana mpinzani mpaka akose la kusema. Wanasoma kaswida mbele ya umati kwenye Maulidi, wanaongoza kwaya kanisani. Ujasiri wanao. Wanaogopa mambo yanayojulikana kabisa, na hayo yana dawa.

Kubwa kuliko yote ni kujulikana. Andika hadithi kwa nafsi ya kwanza, na swali utakaloanza kuulizwa ni "kwani huyu ni wewe?" Binti akiandika habari za mapenzi, kesho yake mtaa unasema mtoto wa fulani kashaanza. Nilikuwa na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyeandika hadithi ya msichana anayelelewa na mama mdogo mkali. Aliiandika kwenye daftari la Kemia, akianzia ukurasa wa mwisho kuja mbele, ili mtu akilifungua akutane na milinganyo kwanza. Naye mwenyewe analelewa na mama yake mdogo, mwanamke mpole, wala hafanani hata kidogo na yule wa kwenye hadithi. "Madam, akiiona si atasema nimemwandika yeye?" Sikumwambia asiogope, maana hofu yake ilikuwa na msingi. Kwetu huku habari hufika nyumbani kabla yako.

Kwa hofu ya namna hiyo kuna njia ya zamani iliyo nzuri sana, nayo ni lakabu, yaani jina la kubuni la mwandishi. Washairi wetu wa magazetini walitumia lakabu miaka nenda miaka rudi, na waliokuwa wakijibizana wakati mwingine walifahamiana kwa lakabu tu. Ustadhi Andanenga alijiita Sauti ya Kiza, na jina hilo likawa na heshima yake. Kijana anayejiona hana haki ya kujificha namwambia hajifichi kitu: anaitenga hadithi na mlango wa nyumba yao, ili isomwe kama hadithi. Yule mwanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu alijichagulia jina, akabadilisha mama mdogo akawa shangazi, akauhamisha mtaa. Nilichofurahia ni kwamba hadithi yenyewe ilinoga zaidi baada ya hapo. Shangazi wa kubuni alipata ukali wake mwenyewe, na huruma yake mwenyewe, kwa sababu mwandishi hakuwa tena anamchungulia mtu aliyeko jikoni.

Hofu ya pili ni kalamu nyekundu, na hii tunaipanda sisi walimu. Mtoto anaandika insha miaka yote ya shule, na kila anachorudishiwa kina duara kwenye herufi na alama pembeni. Hajawahi kuambiwa na msomaji yeyote kwamba hapa nilicheka, hapa nilikuonea huruma. Anakua akiamini kwamba kuonyesha maandishi ni kujipeleka kukaguliwa. Tena siku hizi kuna magrupu ya WhatsApp ya washairi. Kijana anaweka shairi lake usiku, anaamka asubuhi anakuta jibu moja tu: mshororo wa tatu umepungua mizani mbili. Huenda ni kweli umepungua. Lakini hakuna aliyemwambia shairi linasema nini, naye haweki lingine tena.

Siku moja kwenye klabu mvulana mmoja alisoma hadithi ya babu yake mvuvi. Kulikuwa na sentensi inayosema babu akitoka alfajiri alinusa upepo kabla ya kumjibu mtu salamu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, nikaacha kuandika. Alipomaliza, mkono wa kwanza kunyooshwa ukasema: "Umeandika ngarawa, ni ngalawa." Mvulana akaikunja karatasi mara nne na kuitia mfuko wa shati. Tangu siku hiyo tuna sharti: hakuna kusahihisha neno hadi kila aliyesikiliza ataje kitu kimoja alichokiona au kukisikia ndani ya hadithi. Wiki iliyofuata alisoma tena. Wa kwanza akasema amemwona babu ananusa upepo, wa pili akasema ameisikia harufu ya dagaa, wa tatu akauliza kwa nini bibi hasemi chochote. Baada ya hapo tukaja kwenye ngalawa. Alirekebisha palepale kwa kalamu yake, akaendelea kuuliza mengine. Mimi ni mwalimu wa lugha na tahajia naithamini, lakini ina zamu yake, na zamu hiyo haiji kwanza.

Kuhusu vina na mizani nitasema kidogo, maana najua wasomaji wenu wengine watanijia juu. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, alikuwa na miaka 30 hivi, na wapo washairi wa jadi waliosema yale hayakuwa mashairi. Diwani hiyo imechambuliwa na wanafunzi kwa miaka mingi. Mimi nayapenda mashairi ya arudhi na nayafundisha kwa moyo wote. Ninachowaomba wakubwa wa magrupu ni kwamba kijana wa miaka 17 asipokelewe mlangoni kwa mabishano ambayo wazee wenyewe hawajayamaliza.

Sasa afanye nini? Ushauri wangu wote uko hapa: amchague msomaji wa kwanza, mmoja tu, na amchague kwa makini kama anavyochagua maneno yake. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Mwanzoni kabisa anamwita asogee karibu, achukue wino na karatasi. Utendi ule ulikuwa na msikilizaji mmoja chumbani, na leo unasomwa vyuo vikuu, Afrika na nje ya Afrika. Simaanishi kwamba kila anayeandika kwa mtu mmoja atafika huko. Ninasema msomaji mmoja anatosha kuifanya kazi ikamilike, na kijana asijione mwoga kwa kuanzia hapo.

Msomaji huyo mara nyingi si mama wala baba. Mzazi anakusoma wewe, hasomi hadithi. Kila sentensi ya huzuni anaiona ni kosa la malezi yake. Wala si rafiki anayesema "kali sana" kabla hujamaliza kumkabidhi. Tafuta mtu anayesoma vitabu kwa hiari yake, anayetunza siri, na asiye na haja ya kukufurahisha. Anaweza kuwa dada wa jirani aliyemaliza chuo, mkutubi, mwalimu wa somo lisilo Kiswahili. Mwanafunzi wangu mmoja alimchagua fundi cherehani wa mtaani kwao kwa sababu alimwona kila siku na riwaya mkononi wateja wakipungua. Sijapata kuona chaguo bora kuliko lile.

Ukimpa, mpe na swali. Usimuulize "ni nzuri?" maana hapo atajibu kwa adabu, na adabu haimsaidii mwandishi. Muulize alichoka wapi. Muulize ni wapi alilazimika kurudia kusoma, na anadhani nini kitatokea baadaye. Maswali hayo yanaeleza kilichompata yeye alipokuwa anasoma, kwa hiyo hata jibu chungu halikugusi mwilini. Fundi yule alisema: "Nilichoka pale mlipofika hospitali, mkakaa sana." Kurasa mbili zikakatwa, bila machozi.

Kuna na jambo la sauti. Wengi wanaweza kumpa mtu karatasi, lakini kusoma wenyewe mbele ya wenzao ndiko kunakowatetemesha. Basi asome mwingine. Kwa Waswahili kutunga na kughani si lazima viwe kazi ya mtu mmoja. Mombasa, Ahmad Nassir alitunga na jamaa yake Juma Bhalo akaimba, na hakuna aliyesema mtunzi ameogopa. Kwenye klabu tunabadilishana karatasi, mwenye kazi anakaa katikati ya wasikilizaji kama mgeni, tena anakatazwa kusema ni yake. Faida anayoipata ni kubwa: anasikia msomaji anapojikwaa, anapopaliwa na sentensi ndefu, wenzake wanapoacha kuchezea kalamu. Wengine baada ya muda huomba wasome wenyewe, wengine hawaombi kamwe, na wote ni waandishi.

Mashindano na kurasa za umma ziko, na zina thamani. Mohammed Said Abdulla alimpatia Bwana Msa, mpelelezi wake wa kubuni, wasomaji kupitia shindano la uandishi la mwaka 1957 hadi 1958. Riwaya iliyoshinda, Mzimu wa Watu wa Kale, ikatoka mwaka 1960. Leo tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ile ya Safal-Cornell iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Kwa kijana mwenye haya shindano lina nafuu moja, kwamba jaji hamfahamu mama yako mdogo. Lakini usianzie huko. Majaji hawakuambii walichoka wapi, na kukosa zawadi bila neno lolote kunaumiza mtu ambaye hajawahi kusomwa na yeyote. Hata Shaaban Robert, wa huku kwetu Tanga, mashairi yake yalitoka kwanza moja moja kwenye gazeti la Mambo Leo, vitabu vikafuata.

Namalizia na jambo ambalo sijaona likisemwa, na linawaua wengi kimyakimya: umempa mtu daftari, na hakujibu. Wiki inapita, ya pili inapita, mnakutana njiani mnasalimiana, hagusii. Kijana anaamua moyoni kwamba kazi ni mbaya na mtu anamwonea aibu kumwambia. Mara nyingi sana hajasoma, basi. Ana kazi, ana watoto, na wewe umempa kurasa arobaini za penseli zilizofutwafutwa. Nakili kwa wino, kurasa nne au tano tu, zile unazozipenda zaidi. Unapomkabidhi taja siku: "Nitapita Ijumaa jioni kuichukua." Ijumaa nenda kweli. Akiwa amesoma, kaa umsikilize na kalamu mkononi. Akiwa bado, mwambie hakuna neno, chukua karatasi zako, na Jumamosi mpe mtu mwingine.

Mwalimu wa Kiswahili,
Tanga