Mkanda Mrefu au Mfupi?
SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Idaho, Marekani, na ninataka kununua pikipiki ya theluji ya milimani. Muuzaji ananihimiza nichukue yenye mkanda (ule wa mpira unaozunguka chini yake na kuisukuma mbele) wenye urefu wa inchi 165, ilhali mimi hupenda kupita katikati ya miti. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa uendeshaji huo ningechagua mkanda wa inchi 154 au unaokaribia hapo, kwa kuwa ule mrefu, ingawa huelea vizuri juu ya theluji laini na hupanda miinuko mikali bila kuzama, huwa mgumu kuugeuza pale unapolazimika kuilaza pikipiki ubavu ili ipenye baina ya misonobari miwili. Injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda, kwa kuwa hewa hupungua, hivyo turbo, yaani kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, ina faida, lakini kwako si ya lazima. Kabla ya kulipa, simama kwenye vikanyagio, uvute usukani upande mmoja kwa uzito wa mwili wako. Ikikataa kuinama, iache. Fedha itakayobaki nunulia koleo, kijiti cha kupimia theluji na kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa na maporomoko, nawe ukivae mwilini, si kukiweka kwenye begi.