Kabla hujapanda basi kwenda kutafuta mnara wa vita vya Mjerumani, soma hapa

Watu kadhaa wameniuliza nawezaje kuanza hii shughuli ya kutafuta kumbukumbu za vita vya zamani, wengi wanadhani lazima uwe umesoma historia chuo au uwe na gari, wapi bwana. Anza na ruti yako ya daladala. Mimi nimekaa miaka nasikia konda anapiga kelele "Lugalo, Lugalo wapo?" kwenye gari za Mwenge kwenda Tegeta na sikuwahi kujiuliza Lugalo ni nini, kwangu ilikuwa kambi ya jeshi na hospitali, basi.

Sasa ile kambi wakati wa uhuru ilikuwa inaitwa Colito. Colito ni sehemu ipo Ethiopia, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika la mkoloni) walipigana na Waitaliano pale 1941 wakiwa chini ya Mwingereza, ndo kambi ikapewa jina hilo, na ni hapo hapo Colito yale maasi ya jeshi ya Januari 1964 yalipoanzia. Baadae wakaibadilisha ikawa Lugalo, na Lugalo yenyewe iko Iringa, ndipo Wahehe wa chifu Mkwawa walipomchapa Mjerumani tarehe 17 Agosti 1891. Yani wakaondoa vita tuliyopigana kwa ajili ya mtu mwingine wakaweka vita tuliyompiga mtu huyo huyo mkoloni (haya sio huyo huyo, mwenzie). Mimi hilo lilinifurahisha sana nikasema lazima nikaone.

Mnara wa hiyo Lugalo ya Iringa upo. Ukitoka Dar ukapanda Kitonga, ukapita Ilula, kabla hujafika Iringa mjini, sio mbali na barabara kuu. Mabasi makubwa hayakusimamii pale na usigombane na dereva bure, nenda mpaka Iringa ulale, asubuhi panda koasta zinazorudi Ilula mwambie konda akushushe Lugalo kwenye mnara. Wanaopita hiyo barabara kila siku wengi hawaujui, malori yanapita na mabasi ya Mbeya yanapita, hakuna anayegeuza shingo.

Na hapa ndo kwenye ushauri wangu mkubwa. Ukifika kwenye mnara wowote wa vita usianze kuuliza umejengwa lini. Uliza nani kajenga na kamjengea nani. Kwa sababu mtu anaenda Lugalo akijua ni sehemu tulioshinda, anategemea akute kumbukumbu ya Mpangile, mdogo wake Mkwawa, ambaye ndo aliongoza lile shambulio, au wale vijana waliojificha porini na mikuki wakasubiri msafara mzima uingie kwenye mtego. Hapana. Ule mnara Wajerumani waliwajengea watu wao. Kamanda Zelewski alikufa pale, wazungu kumi wakafa, na askari weusi na wapagazi wao wengi sana wakafa. Walioshindwa ndo wenye mnara! Nilikaa pale nikacheka peke yangu, halafu ukifikiria haichekeshi sana, maana Mjerumani alirudi 1894 akaibomoa ngome ya Kalenga kwa mizinga, na Mkwawa akaishia kujipiga risasi 1898. Anayebaki na nchi ndo anajenga minara.

Jambo lingine ambalo watu hawasemi, MALI ZA MJERUMANI. Hii usiichukulie poa. Sehemu nyingi za bara ukionekana unazunguka zunguka kwenye jiwe la Mjerumani, watu wanajua umekuja kuchimba rupia au dhahabu iliyofukiwa. Kijana wa bodaboda aliniangalia begi langu akauliza kwa sauti ya chini, "Bro, umekuja na mashine?" Nikamwambia mashine gani, akasema "si ile ya kupimia." Nilimfungulia begi akaona maji na mkate. Kwahiyo kabla ya kitu chochote pita kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, jitambulishe, sema unatoka wapi na unataka kuona tu, na usiende na jembe wala panga hata kama unaona majani yamefunika. Usikwangue maandishi, usimwagie maji, usichore na chaki ili picha itoke vizuri. Vingi vimeharibika kwa watu kuvitafutia hela chini yake.

Wazee nao wana namna yao. Shikamoo haitoshi, kule jifunze kusema "kamwene" utaona mtu anavyobadilika uso. Na usimuulize mzee "unajua nini kuhusu vita ya 1891," hiyo ni kama mtihani, mtu anafunga mdomo. Mimi nilimuuliza mzee mmoja, "Babu, hapa zamani watoto mlikuwa mnaruhusiwa kucheza?" Aah, hapo akavuta kigoda. Sitaandika alichoniambia kwa sababu ni cha kwao, lakini tulikaa mpaka jua likawa kali.

Kama nauli haipo, Dar penyewe panatosha kuanzia. Sanamu ya Askari pale Posta, Samora, unapita kila siku, ipo tangu 1927, Mwingereza aliweka kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita ya 1914 hadi 1918. Kabla yake pale ilikuwa imesimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Mjerumani, ndo maana wazee wengine wa mjini ukiwakuta wanaiita Bismini. Ile sanamu ya Wissmann Waingereza waliing'oa, ikaishia Hamburg na huko wanafunzi wakaja kuiangusha miaka ya sitini. Uliza lile swali langu hapo pia. Halafu nenda makaburi ya vita barabara ya Bagamoyo, yalihamishiwa pale 1968 kutoka Ocean Road ili barabara ipite. Utaona wazungu mistari yao imepangwa, kila mtu na jiwe lake na jina. Waafrika wengi huko walikotolewa hawakuwekewa alama ya mtu mmoja mmoja, kwahiyo wakazikwa upya kwa pamoja. Nenda polepole usome, hutahitaji mtu wa kukuelezea.

Picha za sanamu piga Jumapili asubuhi magari yakiwa machache, ile raundabauti siku za kazi utagongwa. Ila Lugalo ya Dar, ile ya jeshi, simu iache mfukoni kabisa, hata ukiwa ndani ya daladala, wajeda hawataki kusikia kwamba wewe unapenda historia. Na ukienda Iringa usirudi bila kufika Kalenga, kuna makumbusho na fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, unaweza kumaliza Lugalo asubuhi na Kalenga mchana ukiwahi kuamka.