Ijue bei yako ya mwisho kabla hujakaa mezani

Mnunuzi akisema, "Punguza asilimia 5, halafu unipe siku 60 za kulipa badala ya 30," wengi hujibu kwa kubahatisha. Jedwali dogo la Excel linakuepusha na hilo.

Juu kabisa weka seli za kubadilisha: bei, gharama ya kipande, idadi kwa mwezi, siku za malipo, riba ya mkopo. Fomula zote zivute namba kutoka huko. Ukiandika namba ndani ya fomula utaisahau, na siku ya kubadilisha bei jedwali litakudanganya.

Tuseme bei ni 100, gharama 70, vipande 1,000 kwa mwezi. Unabaki na 30,000. Ukipunguza asilimia 5, kila kipande kinabakiza 25, hivyo unahitaji vipande 1,200 ili urudi pale pale. Basi punguzo hilo lidai oda kubwa zaidi kwa asilimia 20, na iandikwe kwenye mkataba. Ukipunguza asilimia 10, unahitaji vipande 1,500! Wauzaji wengi hawaamini hadi waione hesabu yenyewe.

Sasa siku. Siku 30 za ziada zinafunga gharama ya mwezi mzima, yaani 70,000. Kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, hiyo ni 1,050 kwa mwezi, au 1.05 kwa kipande, wakati punguzo linakula 5. Kwa hiyo ni nafuu kutoa siku kuliko kushusha bei, mradi hiyo 70,000 unayo. Faida ya kwenye karatasi hailipi mishahara, kwa hiyo ongeza safu ya fedha taslimu ya miezi 12 uone ni mwezi gani salio linaingia chini ya sifuri.

Bei ya mwisho itafute kwa Goal Seek, zana ya Excel inayotafuta namba itakayokupa matokeo unayotaka: faida iwe ile ambayo ungeipata kwa mteja mwingine, seli ya kubadilika iwe bei. Usiweke sifuri. Ukiweka sifuri, utakubali biashara mbaya kuliko ile uliyoiacha.

Kama gharama zinayumba, fanya majaribio ya Monte Carlo, yaani kurudia hesabu mara nyingi kwa gharama za kubahatisha, 1,000 hivi, kila gharama ukiipa kiwango cha chini, cha kawaida na cha juu. Wastani usikutoshe, tazama yale 100 mabaya zaidi. Angalizo kubwa: malighafi na usafiri vikiwa na desturi ya kupanda pamoja, vifungamanishe. Vikiachwa kila kimoja kivyake, mara nyingine kimoja kitashuka pale kingine kinapopanda, na hatari itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Pia bandika matokeo kama namba tupu, maana RAND, fomula ya Excel inayotoa namba za kubahatisha, hubadilika kila jedwali linapopiga hesabu upya.

Mezani nenda na karatasi moja: bei ya mwisho, siku 30 za ziada ni sawa na kushusha bei kwa 1.05 kwa kipande, na punguzo la asilimia 1 linadai vipande 35 zaidi.