Wachezaji wa vyuo Marekani: hutoka wapi, huhamaje?

SWALI: Mwanangu anacheza raga shuleni, na siku hizi hakosi futiboli ya Kimarekani ya vyuo. Nami nimenaswa, ila nachanganyikiwa: mchezaji niliyemzoea chuo fulani, msimu ukianza yuko kwingine. Vijana hawa hutoka wapi, na nani huwaruhusu kuhama? – Mzazi, Buruburu

JIBU: Wengi hutoka Texas, Florida, California na Georgia. Louisiana, Alabama na Mississippi ni majimbo madogo kwa watu, lakini hutoa wachezaji kupita kiasi chake. Ndiyo maana makocha wa Ohio na Michigan hawachoki kwenda kusini kusaka vijana wa sekondari.

Tangu Oktoba 2018 kuna orodha ya mtandaoni iitwayo potali ya uhamisho. Mchezaji akiomba kwa maandishi, chuo kina siku mbili za kazi kuingiza jina lake; hapo ndipo makocha wa vyuo vingine huruhusiwa kuzungumza naye. Zamani aliyehama kwa kawaida alikaa mwaka mzima bila kucheza. Sharti hilo lililegezwa 2021, na tangu 2024 anaweza kuhama hata mara tatu au zaidi mradi masomo yako sawa. Mwaka huohuo wa 2021 wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kulipwa kwa matangazo, basi dau nalo likaanza kuamua nani aende wapi. Cam Ward, wa Texas, alianzia chuo kidogo cha Incarnate Word, akapitia Washington State, akamalizia Miami, na 2025 akachaguliwa wa kwanza kabisa kuingia NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani.

Lakini si wote hufika. Jina likishaingia potalini, chuo cha zamani kinaweza kukata ufadhili muhula ukiisha, na wapo wanaobaki bila timu. Kikwazo kingine ni masomo: anayeingia mwaka wa tatu lazima awe amekamilisha asilimia 40 ya digrii, wa nne 60, wa tano 80. Chuo kipya kikikataa baadhi ya kozi zake, asilimia hushuka na hachezi, hata awe hodari vipi.

Kwa mwanao, usimfuate Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka raga hadi timu ya NFL ya Indianapolis Colts 2013 bila kupitia futiboli ya chuo. Hiyo ni nadra mno. Divisheni ya kwanza, yaani daraja la juu la michezo ya vyuo, hudai masomo 16 ya msingi ya sekondari, kwa hiyo tunza ripoti zake zote na cheti halisi cha KCSE. Akishafika huko kwa viza ya mwanafunzi, asitie sahihi mkataba wowote wa matangazo kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kwa sababu viza hiyo hubana sana kazi za malipo.