Trekta likifuka moshi, muulize dereva kwanza

Wadogo zangu mnaoanza gereji, trekta la zamani likiletwa linafuka moshi, acheni spana kwanza. Muulizeni dereva moshi unatoka wakati gani. Asubuhi likiwashwa tu? Likizamisha jembe? Au likishateremka mlima, akikanyaga mafuta tena? Rangi tatu, nyeusi, bluu na nyeupe, kila fundi anazijua. Mimi wakati wa kutoka moshi umeniokoa mara nyingi kuliko rangi.

Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa iliyopo ya kuiunguza. Wengi wakiuona wanakimbilia pampu ya dizeli. Anza na hewa, ni bure. Kule Mabogini niliitiwa Massey Ferguson 135 ambayo mwenyewe alikwisha kuambiwa ashushe injini, na alishaanza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe wake wawili. Nikafungua bakuli la chini la eya klina, chujio la hewa ya injini, linalokaa oili ya kunasa vumbi. Oili ilikuwa imegeuka tope zito kama ugali usioiva, kidole kikasimama humo bila kufika chini. Tukaosha bakuli kwa dizeli, tukaosha na wavu wa juu ambao wengi wanausahau, tukaweka oili mpya. Likarudi shambani siku hiyo hiyo, na ng'ombe wakabaki zizini.

Oili hiyo iishie kwenye alama. Ukizidisha, injini inaivuta na moshi unageuka bluu, ugonjwa umeuleta wewe. Ikivutwa nyingi, injini inaweza kupiga resi yenyewe hata ukikata dizeli, na hapo ni hatari kwa kila aliye karibu.

Halafu kuna mwinuko. Mji wa Moshi uko kama mita 900 juu ya bahari, Arusha kama 1,400. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, huko juu inapata hewa nyepesi zaidi. Trekta lililokuwa safi Chekereni, kule chini tambarare, likipelekwa kwenye ngano ya West Kilimanjaro na kubanwa na jembe, linaweza kutoa weusi kidogo na lisiwe na ubovu wowote. Msiguse skrubu ya pampu yenye sili. Pampu ni ya fundi mwenye mashine ya kuipimia.

Hewa ikiwa safi, nenda kwenye nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Injini ikiwa silensa, yaani inaunguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, legeza nati ya bomba la dizeli la silinda moja, sikiliza, kaza, nenda ya pili. Silinda isiyo na ubovu ukiikatia dizeli injini inayumba. Ukilegeza na mlio usibadilike, silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi. Ukilegeza na moshi ukakatika, toa nozeli hiyo ikapimwe. Funika nati kwa kitambaa kinene, vaa miwani, na usiweke mkono mbele ya nozeli inayopuliza. Dizeli ya pale inapenya ngozi, na kidole kikipigwa kinapelekwa hospitali saa hiyo hiyo hata kama tundu halionekani.

Moshi mweupe wa asubuhi ya Julai unaoisha injini ikipata moto usikusumbue. Usipoisha, weka kipande cha boksi kwenye ekzosi. Kikilowa mafuta na harufu ikichoma macho, ni dizeli isiyoungua. Kikilowa maji matupu na rejeta inapungua, shuku gasketi ya silinda hedi.

Moshi wa bluu ni oili. Ukitoka kwa mkupuo baada ya mteremko kisha ukaisha, tazama gaidi za vavu, yaani vijibomba ambamo shina la vavu hupanda na kushuka. Ukitoka muda wote trekta linapovuta, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiunguruma. Hewa ikipuliza kwa nguvu, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda. Zikiwa chini, ndipo umwambie mwenye trekta habari ya kulika kwa ringi za pistoni na laina, yaani kuta za ndani za silinda. Kabla ya kutaja bei, mshike mkono uuweke juu ya tundu lile, ausikie upepo mwenyewe.