Hiyo fremu ya kiti ya Datsun isitoke kwa boma lako!

Wewe wa Bungoma, simama hapo hapo. Ati fundi anakuja Jumamosi kung'oa kiti ndefu ya pikapu ya Datsun 620 ya marehemu babu akuwekee viti mbili za Toyota Probox, na wewe unauliza tu kama hiyo kahawia ya kiti ni rangi ya kiwanda na reksini nzuri, ile ngozi bandia ya kava, inapatikana wapi. Achana na reksini. Mpigie fundi mwambie asije.

Mimi nilifanya hiyo ujinga hapa Nakuru. Fundi wangu, simtaji juu bado tunakutana barabarani, alikuta kiti imechanika, springi moja imetokeza inadunga watu makalio, akasema "hii imekufa boss". Hata hakuigeuza aone chini. Akaleta za Probox, zikakataa matundu ya zamani, akachukua grainda akakata vishikio vya kiwanda, akatoboa floo mahali pengine, akachomelea vyuma juu yake ndio zifike. Jioni tukapiga picha tukafurahi. Kesho yake kuingia ndani, kichwa iko kwa paa, magoti kwa usukani, na kiti iliyokuwa inabeba watu watatu sasa inabeba mmoja na nusu. Datsun zilichukua Safari Rally 1971 na 1973, yangu kila bampu ya Njoro inanitikisa kichwa kama mshtakiwa anakubali makosa. Mvua ya kwanza, maji yakapanda kwa yale matundu, floo ikaanza kuoza.

Na bado hujasikia uchungu wenyewe. Kiti ya zamani alikuwa ashaiuzia mtu wa skrepu. Kwa kilo, kama mabati! Hizi 620 ziliacha kuundwa 1979, sasa utapata wapi ingine? Nikamaliza jua kali yote ya hapa, nikashuka mpaka Kibuye kule Kisumu, naonyeshwa kiti ya Hilux naambiwa "zote ni za Japani, itaingia tu". Itaingia wapi? Mwisho nikanunua gari nzima iliyokufa huko Molo, elfu arobaini, juu ya fremu ya kiti peke yake. Bibi bado anauliza ile ingine inangoja nini kwa boma, namwambia ni ya kuku.

Na ile fremu yangu ilikuwa inataka nini? Springi mbili zichomelewe, brashi ya waya, redoksaidi ile rangi ya kuzuia kutu, gunia mpya juu ya springi ndio zisikate sponji. Siku mbili!

So ingia chini ya gari na tochi. Kawaida nati za kiwanda zimeshikana na floo yenyewe, ukipata nati imewekewa kipande ya bati huko chini inazunguka na spana, jua kuna mtu alishatoboa. Kava usikatekate, ifungue pole pole, hiyo ndio patani ya fundi wa kushona, na kwa mikunjo yenye jua halijafika ndio utaona rangi ya ukweli. Ashonee hapo kwako ukiwa umekaa kwa stuli ukimwangalia. Fremu isitoke mpaka kiti imefungwa na umeendesha hadi Webuye ukarudi. Akisema lazima aende nayo kwa gereji yake, panda boda umfuate, na ubebe chakula.